Aliyechora Chui Wetu

Katika sebule ya nyumba yetu hapa Mwandoya kuna picha ya chui. Imechorwa juu ya kipande cha ubao mwembamba wa dari, cha mraba, kila upande una urefu wa futi mbili hivi, kwa rangi ya mafuta inayong'aa kama ile ya kupakia baiskeli. Chui amesimama ubavu, lakini uso wake ameugeuza kukutazama wewe unayemtazama. Chini ya miguu yake kuna majani marefu, mgongoni wamekaa ndege wawili, na pembeni pameandikwa kwa herufi kubwa: E. S. TINGATINGA.

Kwa miaka ishirini na sita kila mgeni aliyefika kwetu alielezwa habari ya picha hiyo, na msemaji nilikuwa mimi. Nilisema kwamba kaka yangu aliinunua Dar es Salaam mkononi mwa Tingatinga mwenyewe, tena alimwona kwa macho yake akiichora. Wageni wengine walishangaa kwa adabu. Wengine waliuliza kama huyo Tingatinga ndiye lile linalochonga barabara. Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilijivuna. Nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi haina vitu vingi vya kujivunia.

Ndugu msomaji, habari ile haikuwa ya kweli. Ninataka kueleza jinsi nilivyokuja kulijua jambo hilo, maana lilinifundisha kitu ambacho sikukipata chuoni, wala katika miaka yote ya kushika chaki.

Kwanza nimtaje mwenye jina. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Kama vijana wengi wa wakati ule alitoka kwao kutafuta kazi, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akafika Dar es Salaam na kuajiriwa katika nyumba ya Mzungu. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora, bila kusomea uchoraji mahali popote. Alichora wanyama na ndege juu ya mbao za dari kwa rangi za madukani, na picha zake zikauzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores. Ndugu na jamaa wakamfuata kujifunza. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi aliyoifanya kwa miaka minne tu ikawapa watu wengine riziki hadi leo.

Mambo hayo yote sikuyajua mwaka 1999. Nilijua jina tu, na kwamba jina lina thamani.

Mwaka huo binti yangu wa pili alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Tulifurahi siku moja, siku ya pili tukaanza kuhesabu. Pamba haikutupa kitu mwaka ule, na mshahara wangu ulikwisha kugawanywa kabla haujafika. Mwenzangu mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Dar es Salaam aliniambia, "Mwalimu, wewe una mali ukutani na unakopa? Picha za Tingatinga mwenyewe Wazungu wanazitafuta kwa taa." Nilikwenda kwa kaka kumwomba ruhusa. Hakufikiri mara mbili. Alisema, "Mtoto akasome. Chui hali wala hanywi, atatusamehe."

Nilimfunga chui katika shuka, nikapanda basi hadi Shinyanga, kisha treni ya reli ya kati. Niliketi naye magotini njia nzima, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali kubwa.

Dar es Salaam nilielekezwa kwenye duka moja la picha ambalo sitalitaja. Mwenye duka alinipokea vizuri, akaisimamisha picha mezani, akainama, akaitazama kwa muda mrefu. Aligeuza upande wa nyuma, akanusa, akagonga kwa kidole.

"Picha nzuri, Mwalimu. Ilinunuliwa lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilitoa katika mfuko wa shati barua ya kazi ya kaka yangu, ya kuajiriwa kutunza bustani, imekunjwa mara nne na imegeuka rangi. "Aliajiriwa Machi 1973," nilisema, "na picha aliinunua katika masika ya mwaka huohuo. Alimwona mchoraji kwa macho yake."

Mwenye duka alitabasamu, na si kwa ubaya. "Mwalimu, Tingatinga alifariki mwaka 1972."

Nilikuwa nimevuka nchi nzima kuleta ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Alinieleza kwa upole. Picha nyingi za Tingatinga, alisema, zina mnyama mmoja aliyejaza ubao, na nyuma yake rangi tupu. Majani yaliyochorwa moja moja na ndege wa kupamba ni mambo yaliyozidi kuongezeka kwa waliomfuata. Na wengi wa waliomfuata walikuta jina limekwisha kuwa jina la kazi yenyewe, kama sisi tunavyoita kila kalamu ya wino biki. Mtu aliweza kuchora Tingatinga, kuuza Tingatinga na kuandika Tingatinga, asione kwamba amemwibia mtu.

Kisha alifunga mlango wa ofisi, akaleta karatasi nyeupe na kalamu. "Lakini jambo hili si gumu," alisema. "Andika barua fupi kwamba kaka yako aliinunua mwaka 1971. Weka sahihi. Wateja wanapenda picha yenye barua." Akataja bei mbili. Ya kwanza, bila barua, ilikuwa bei ya kitu cha ukumbusho anachokinunua mtalii kabla ya kupanda ndege. Ya pili, pamoja na barua, ilitosha ada ya binti yangu na kubaki.

Sitaki kujisifu mbele yako, msomaji. Kalamu niliishika. Niliandika mahali na tarehe. Niliandika, "Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, ninathibitisha kwamba kaka yangu", na hapo mkono ukasimama. Ilinijia kwamba sasa ninamwandika kaka yangu kuwa shahidi wa uongo, naye yuko Mwandoya anachunga ng'ombe wake bila habari. Tena nilikumbuka madaftari. Katika miaka yangu ya kufundisha nilikuwa nimepokea mara nyingi madaftari mawili yenye majina mawili na mwandiko mmoja, na kila mara nilimwita aliyeandika jina lake juu ya kazi ya mwenzake, nikamwadhibu mbele ya darasa.

Hata hivyo sikukataa. Niliahirisha tu. Nilimwambia mwenye duka kwamba nitamwuliza kaka, huenda mwaka ameukosea. Nikamfunga chui katika shuka lake, nikaondoka.

Ndani ya treni nilikuwa na muda wa kutosha wa kuwaza, na nilichokiwaza kilikuwa kesi ya ng'ombe. Nilipokuwa mtoto, watu wawili walikuja mbele ya wazee wakigombea jike mmoja mwekundu. Mmoja wao alionyesha chapa ya moto pajani, akasema, "Chapa hii ni yangu, nani haijui?" Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee waliokaa. Hakuitazama chapa. Alimshika ng'ombe sikio, akalikunjua, akapitisha kidole gumba kwenye ule mkato wa zamani uliofanywa ng'ombe akiwa ndama. Kila mzee pale alijua nani hukata vile, kwa kisu cha namna gani, na kwa kuanzia upande upi. Baba alisema, "Chapa imewekwa ili tuione. Sikio halikujua kama litaulizwa." Ng'ombe akarudi kwa mwenyewe.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Giovanni Morelli, Mtaliano wa karne ya 19 aliyesomea udaktari, nikacheka peke yangu. Morelli alisema kwamba ukitaka kumjua aliyechora picha ya zamani usianzie kwenye uso wa Bikira Maria, maana hapo ndipo kila mwigaji hutia bidii. Tazama masikio na kucha. Hapo mchoraji huchora kwa mazoea ya mkono wake, bila kufikiri, na mwigaji naye husahau kuiga. Kwa njia hiyo alibadilisha majina ya wachoraji chini ya picha kadhaa katika majumba makubwa ya Ulaya. Baba yangu hakuwahi kusikia jina lake, wala yeye la baba yangu, lakini wote wawili walishika sikio.

Nimesoma pia kwamba mwaka 1968, mwaka uleule Tingatinga alipoanza kuchora, wataalamu wa Uholanzi walianza kuchunguza picha zote zilizosemekana kuwa za Rembrandt, mchoraji wao mkubwa wa karne ya 17. Rembrandt alikuwa na wanafunzi wengi, na mwanafunzi alifundishwa kuchora kama mwalimu wake. Kulikuwa na picha moja mjini Berlin, ya mzee aliyevaa kofia ya dhahabu ya kivita, iliyopendwa kuliko nyingi. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba haikuchorwa na Rembrandt. Kofia ni ileile, inang'aa vilevile, na mzee ameinamisha macho vilevile, lakini sifa ya picha ikashuka siku hiyo. Ama kweli watu wengi walikuwa wakitazama jina.

Nami nilikuwa mmoja wao. Kutoka Shinyanga kuja nyumbani nilimkasirikia chui, nikamkasirikia na kaka. Mtu aliyenilea baada ya baba kufariki, niliyempa heshima ya baba, alikuwa ametudanganya miaka yote ile kwamba alimwona Tingatinga. Kama alidanganya katika hilo, nitajuaje mengine?

Nilimkuta amekaa chini ya mwarobaini wake. Shemeji alituletea michembe na chai ya rangi. Sikungoja chai ipoe.

"Kaka, ulituambia ulimwona Tingatinga akichora."

"Nilimwona."

"Tingatinga alikuwa amekwisha kufa."

Alinyamaza. Aliweka kikombe chini polepole. "Basi niliyemwona ni nani?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Kaka alitazama mbali kidogo, kisha akaanza kusema kama mtu anayetembea katika nyumba yenye giza, akipapasa. "Nilikuwa natoka bustanini kwa yule bwana. Pale Morogoro Stores, chini ya mti, palikuwa na mtu anachora. Nilisimama. Nilimwuliza, 'Ndugu, jina lako nani?' Alikuwa na watu, hakunijibu kwa mdomo, akanyosha kidole kwenye maandishi pale pembeni. Sasa mimi wakati ule nilijua kusoma? Nilimwomba kijana aliyekuwa karibu anisomee. Akasema, 'Tingatinga.' Nikajua ndiye."

Niliona aibu. Kaka yangu alijifunza kusoma baada ya kurudi nyumbani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Mimi niliyesomeshwa kwa ng'ombe wake nilikuwa nimelisahau jambo hilo.

"Lakini kwa nini ulisimama?" nilimwuliza. "Umetoka kazini, umechoka, una shilingi zako chache."

Alicheka kidogo. "Kwa sababu ya mkono. Alikuwa na mashoto. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi nilizaliwa na mashoto. Baba alinifunga mkono huu kwa kamba ya katani msimu mzima, mpaka nikajifunza kula na kushika jembe kwa mkono wa kulia. Sasa namwona mtu mjini, mchana, mbele za watu, anafanya kitu kizuri vile kwa mkono wa kushoto, na hakuna anayemkemea. Nilisimama mpaka akamaliza. Nilipomlipa nilimpa kwa mkono wa kushoto, na yeye akapokea kwa wa kushoto."

Sikujibu. Niliingia ndani, nikaleta picha, nikaiweka juu ya kigoda penye mwanga, nikapiga magoti mbele yake. Sikutazama jina. Nilitazama majani.

Mwalimu wa darasa la kwanza anawajua watoto wenye mashoto kwa mistari yao. Ukimwambia mtoto apige mistari ya haraka haraka kujaza kivuli, mwenye mkono wa kulia huilaza mistari yake ikipanda kuelekea kulia. Wa kushoto huilaza kinyume chake, kutoka juu kushoto kushuka chini kulia, maana ndivyo kiwiko chake kinavyozunguka. Nimesoma kwamba wataalamu hutumia jambo hilohilo kutambua michoro ya Leonardo da Vinci, ambaye alikuwa na mashoto.

Majani ya chini ya chui wetu yalikuwa mengi, yamepigwa upesi, kwa brashi nyembamba, na mtu ambaye mawazo yake yalikuwa kwa mnunuzi aliyesimama mgongoni kwake. Yote yalilala kutoka juu kushoto kushuka chini kulia. Nilikuwa nimeyaona kwa miaka ishirini na sita, na sikuwa nimeyatazama hata siku moja.

"Kaka," nilisema, "ulimwona kweli."

"Si nilikuambia?"

Jambo la ajabu ni hili. Jina pale pembeni, lililoandikwa wazi kwa herufi kubwa, halikusema kweli. Mtu asiyejua kusoma alisema kweli, na majani yakamshuhudia.

Barua ile sikuiandika. Ada ya binti ilipatikana kwa mitamba wawili waliopelekwa mnadani, mmoja wangu na mmoja wa kaka, na deni lililobaki tulilipa polepole. Binti sasa ni mwalimu, na yeye anasahihisha madaftari yasiyo na majina.

Lakini swali halikuisha. Zamani lilikuwa swali la bei. Sasa lilikuwa la mtu. Nilipopata safari nyingine ya Dar es Salaam mwaka 2004 nilikwenda hadi pale Oysterbay, ambapo wachoraji wana ushirika wao tangu mwaka 1990. Majina ya waliomfuata Tingatinga mwanzoni yanajulikana: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde, Ajaba Abdallah. Hao wana majina yao na kazi zao, na si haki kumtwika mmoja wao chui wetu bila ushahidi. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akipaka rangi pale kama anamkumbuka mchoraji wa mwaka 1973 mwenye mashoto. Alifikiri kwa uaminifu, brashi imesimama hewani, kisha akatikisa kichwa. Alisema walikuwapo waliochora mwezi mmoja, wakapata nauli, wakarudi kwao.

Labda ndivyo ilivyokuwa. Labda yuko mzee mahali fulani kusini anayelima korosho, na wajukuu wake hawajui kwamba aliwahi kushika brashi.

Hapa kwetu Usukumani wayeye, wale wacheza nyoka, walichora kutani mwa nyumba zao za mikutano nyoka, watu na viumbe vya hadithi zao. Hans Cory, Mwaustria aliyetumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika kitabu juu ya michoro hiyo, kikachapwa London mwaka 1953. Ni jambo jema kwamba aliandika, maana udongo wa kuta haukai. Jina lililo juu ya jalada ni lake. Kule Kondoa kuna michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na waliochora wametuachia twiga na watu warefu wembamba, bila jina hata moja. Hatuwezi kuwarudishia wote majina yao. Tunaweza angalau kuacha kuwapa ya wengine.

Watoto wa siku hizi wakifika kwangu huuliza, "Babu, picha hii ni ya nani?" Siwapi tena ile hadithi ya zamani. Ninawaambia wapige magoti watazame majani, kisha kila mmoja aniambie mchoraji alishika brashi kwa mkono gani. Wanabishana sana. Yuko mjukuu mmoja wa kaka mwenye mashoto, na huyo hupata jibu kabla ya wenzake.

Nyuma ya picha nimebandika karatasi, ili nikifa asije mtu mwingine akaletewa kalamu. Nimeandika hivi: "Chui huyu alinunuliwa na kaka yangu Dar es Salaam, Morogoro Stores, masika ya mwaka 1973, kutoka kwa aliyemchora. Jina lililoandikwa mbele si la mchoraji. Mchoraji alikuwa na mashoto. Anayemjua atuambie."